Ng'ombe Aliyetajwa Redioni

Domitila akienda sokoni Bariadi hujitahidi kuwa bubu. Nyanya anazionyesha kwa kidole, bei anaiitikia kwa kichwa. Akijisahau tu akasema "niongezee na pilipili," muuzaji anainua macho: kumbe ni wewe, mayu, mama yetu, uliyetangaza msiba wa shangazi yangu. Hapo basi tena. Atasimama juani asikilize shangazi alivyougua, alivyozikwa, na ndugu gani hawakutokea mazishini. Ni yeye anayesoma vifo redioni, na salamu, na ushauri wa dawa za pamba, na matangazo ya ng'ombe waliopotea. Kwa hiyo kila mtu mkoani anaona ana fungu lake katika koo lile.

Mwenyewe alikuwa amelichoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Huu ulikuwa ukiamka kabla yake. Alizaliwa Nyashimo, nyuma ya duka la baba yake, akaja Bariadi kwa mkataba wa muda mfupi, na muda huo mfupi ukamla ujana wote. Mumewe yuko Geita, huja akijisikia. Binti yao, Anna, anasoma bweni Maswa. Akirudi nyumbani jioni Domitila huvua viatu, hukaa kitandani, na simu ikiita huitazama mpaka inyamaze yenyewe.

Kitu kimoja tu kazini kilikuwa bado kinamtoa kitandani bila kinyongo, nacho ni Kikao cha Watoto, kipindi cha Jumamosi asubuhi. Kilianza kwa ugomvi. Bryson, mwanasaikolojia kijana wa hospitali, alifika studio siku moja amefura, kwa sababu mtangazaji mwingine alikuwa amemweka hewani mtoto aliyepigwa nyumbani, akamtaja jina na shule yake. Meneja wa kituo, Charles, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia aje kila wiki awaonyeshe njia nzuri zaidi. Ndivyo ofisi zetu zilivyo: anayelalamika ndiye anayebebeshwa kazi.

Wakakubaliana hivi. Domitila anarekodi, Bryson anasikiliza kabla ya kurushwa. Jina la mtoto linatoka, kijiji kinatoka, shule inatoka, na maneno yake yanasemwa upya na mtoto mwingine ili hata sauti isimfichue. Mzazi anaombwa ruhusa. Halafu hewani Bryson anaeleza wazazi mambo ambayo hakuna aliyewahi kuwaeleza: mtoto anayekojoa kitandani hana jeuri, mtoto aliyenyamaza ghafla hajawa mpole. Bryson ni Mnyakyusa wa Tukuyu, Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu ya mwangaluka, kwa hiyo watoto wa vijijini walizungumza na Domitila, naye akamtafsiria. Kazi ilikwenda. Wazazi walianza kufika hospitali wakisema wametumwa na redio.

Ndipo Mwalimu Monika wa Nkololo alipomleta Mayala.

Mayala alikuwa mtoto wa darasa la nne, hodari wa hesabu, ambaye siku hizi alikaa darasani bila kutoa neno. Monika alieleza kisa chake Mayala akiwa nje. Mama yake aliugua mwaka jana, akapelekwa Mwanza, akafia huko. Wakamzika kwao, Maswa. Mayala alikuwa ameachwa nyumbani na mifugo. Baba yake, Mwandu, aliporudi alimwambia mama amebaki hospitali, atarudi akipona. Majirani wakaupokea uongo ule kwa huruma, wakaubeba wote kijiji kizima. Bryson, aliyepata habari kwa Monika mapema, alishampigia Mwandu simu mara nyingi kwa Kiswahili, akimwomba amwambie mtoto ukweli. Mwandu hakukataa hata mara moja. Alisema tu, pamba ikishavunwa. Pamba ikavunwa, akasema, mvua zikianza.

Mbele ya Bryson, Mayala hakufungua mdomo. Domitila alimkalisha peke yake, akaacha kabisa habari za mama, akamuuliza za ng'ombe. Kwa ng'ombe mtoto alifunguka. Akaeleza nani mvivu na nani anapiga teke, mpaka katikati ya hayo, bila kuulizwa, akasema, "Kila siku wananiambia mama atarudi. Wakisema hivyo hawaniangalii. Mimi naongea na Dizeli. Dizeli hajawahi kuniambia atarudi."

Domitila alizima kinasa sauti. Kwa miaka yote ya kusoma salamu za watu alikuwa akingoja sentensi moja kama ile.

Mwandu aliombwa ruhusa kwa simu. Akasema kama itamsaidia mtoto aongee, rusheni. Bryson akasikiliza rekodi pamoja na tafsiri, akafuta Nkololo, akafuta Mwalimu Monika, akafuta Mwanza.

"Dada Domi, huyu Dizeli ni nani?"

"Maksai wa kulimia."

"Tumwache?"

"Mwache, mdogo wangu. Au na ng'ombe aombwe ruhusa?"

Wakacheka wote wawili. Bryson alicheka kwa kuwa hakujua. Domitila hana hata udhuru huo. Kila wiki alikuwa akisoma matangazo ya ng'ombe waliopotea, mwenye baka begani, mwenye pembe iliyoinama, na kabla jua halijafika utosini mtu alikuwa ameshapiga simu kusema kamwona mahali fulani. Katika nchi hii unaweza kumsahau mtu jina lake ukamjua kwa maksai wake. Tena maksai wa kulimia haishi kwa mwenyewe. Huazimwa, hukodishwa, hulima mashamba ya nusu ya kijiji, na jina lake huitwa kwa sauti kubwa kutwa nzima nyuma ya plau. Domitila alikuwa akiyajua hayo kuliko kitu kingine chochote. Lakini alikuwa amechoka, kurekodi upya kulihitaji kumtafuta tena yule mtoto wa kuyasema maneno upya, na zaidi ya yote hakutaka kuiharibu ile sentensi. Ilikuwa tamu jinsi ilivyo.

Jumamosi ikafika. Maneno ya Mayala yakasemwa na sauti ya mtoto wa kike wa Bariadi mjini. Bryson akazungumza vizuri kuliko siku zote: mtoto anayedanganywa kuhusu kifo huubeba msiba peke yake, na hajui hata kwamba ni msiba. Kisha Domitila akafungua simu.

Wa kwanza alikuwa mwanamume mchangamfu. "Hongereni kwa kipindi. Mimi huyo Dizeli namfahamu. Si wa Mwandu wa hapa Nkololo? Msimu uliopita alinilimia shamba langu lote la—"

Domitila alikata simu, akaweka muziki. Bryson alikuwa anamwangalia ng'ambo ya kioo, na taratibu uso wake ulielewa. Neno likishatoka halirudi, na lile lilitoka kwa minara ya mkoa mzima.

Charles aliingia anatabasamu. "Simu hazijawahi kuingia hivi. Wiki ijayo tuongeze muda."

"Wiki ijayo mimi naumwa," Domitila alisema. Alisema kweli, ingawa hakujua atakuwa anaumwa nini.

Katikati ya wiki Monika alipiga simu. Mwandu alikuwa akichekwa. Kilabuni wanaume walimsalimia kwa kumuuliza shemeji anaendeleaje huko Mwanza. Watu walewale walioubeba uongo pamoja naye ndio waliogeuka kumcheka alipokamatwa nao, na hili lilimchukiza Domitila kuliko yote. Mwandu hakumpiga mtoto wala hakumgombeza. Alimfungua Dizeli asubuhi, Mayala akiwa shuleni, akamswaga mpaka mnadani, akamuuza kwa wafanyabiashara wa nyama, jina lile lisiitwe tena kijijini. Lori lilikuwa limeshaondoka.

Walikwenda Nkololo na gari la redio, Bryson akiendesha. Njiani alisema kosa ni lake, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kufuta. Domitila akamwambia anyamaze kidogo, tafadhali, kwani hata kugawana kosa kulihitaji nguvu na yeye hakuwa nayo.

Mwandu aliwatolea vigoda. Mgeni ni mgeni hata kama amekuvunjia nyumba. Alikuwa mtu mrefu mwenye mabega yaliyolegea, na alizungumza Kisukuma akimwangalia Domitila peke yake.

"Mayu, mlisema jina halitatajwa."

"Tulisema, baba Mayala. Nimekuja kukuomba msamaha. Kumtaja ng'ombe ni kukutaja wewe, na mimi nilijua."

Mwandu aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema hasira yake kwao imekwisha, sasa ana shida nyingine. Mtoto alirudi kutoka shule akakuta Dizeli hayumo zizini, akauliza. "Nimemwambia Dizeli ameazimwa Maswa. Atarudi wakati wa kulima. Hakuniamini. Lakini wewe anakuamini, kila siku anakusikia redioni. Mwambie wewe. Mwambie Dizeli yuko Maswa."

"Anasemaje?" Bryson aliuliza.

Domitila akatafsiri. Bryson akainamisha kichwa, akafikiri, na aliposema alisema polepole. "Dada, mtoto huyu ameshadanganywa na kila mtu mzima anayemjua. Akidanganywa na wewe pia, sidhani kama ataongea tena na mtu. Ningemwambia mwenyewe. Lugha sina."

Mwandu hakuhitaji kutafsiriwa. Aligeuza uso akatazama shamba.

Domitila alikuwa ametangaza vifo visivyo na idadi, kwa watu ambao hakuwaona wakivipokea. Alisoma jina, ukoo, mahali pa mazishi, akanywa maji, akaendelea na salamu. Sasa alimwona Mayala anakuja na mbuzi, fimbo begani, na alitamani kuwe na kioo kati yao. Mtoto aliwaamkia wageni, akasimama pembeni ya kigoda cha baba yake.

"Mayala," Domitila alisema. "Dizeli hayuko Maswa. Ameuzwa mnadani. Harudi. Wewe huna kosa lolote. Ulinipa maneno yako niyatunze, na mimi nikaliacha jina lake humo, watu wakajua ni kwenu. Kosa ni langu."

Alimwangalia wakati wote alipokuwa akisema. Hilo angalau aliliweza.

Mayala hakulia. Alikuna ardhi kwa ncha ya fimbo. Kisha akamgeukia baba yake, na swali lake lilitoka dogo sana.

"Na mama?"

Mwandu alishika magoti kwa mikono miwili. Domitila alimsikia Bryson akivuta pumzi, kwa kuwa neno mama halihitaji mkalimani.

"Mama yako alifariki," Mwandu alisema. "Alifia Mwanza. Tukamzika Maswa kwa babu yako. Nilirudi nikakukuta umekaa mlangoni unaningoja. Nikashindwa. Na kesho yake nikashindwa."

"Wenzangu walishaniambia," Mayala alisema. "Machungani. Siku nyingi. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Hapo Mwandu alilia, mtu mzima, kwa sauti, bila kujifunika. Mtoto alimwegemea begani, na baada ya kitambo naye akaanza, kwikwi za kukauka za mtu aliyesahau namna ya kulia. Bryson hakuinuka wala hakuongeza neno la hekima, na Domitila alimshukuru moyoni kwa hilo.

Yeye mwenyewe machozi yalimtoka. Lakini aliyeizoea kazi haachwi nayo. Huku analia, sikio lake lilikuwa limeshachagua: nilikuwa nangoja uniambie wewe. Lilikuwa limeshajua sentensi ile ingekaa wapi katika kipindi, kimya kirefu kiasi gani kingeifuata, akina baba wangapi wangezima redio wakaenda kuwaita watoto wao. Ingesaidia wengi. Ilikuwa kweli kwamba ingesaidia wengi, na mkono wake ulikuwa juu ya mkoba uliokuwa na kinasa sauti.

Alipoinua macho alimkuta Mayala anautazama mkono ule.

"Mayu, na hii utaisema redioni?"

"Hapana."

"Hata kwa sauti ya mtoto mwingine?"

"Hata kwa sauti ya mtoto mwingine. Sitaisema."

Aliutoa mkono juu ya mkoba, akauweka pajani, akamwacha aone. Mayala alimtazama usoni, akautazama mkoba, akafuta pua kwa kiganja. Kisha akainuka, akazunguka nyuma ya kigoda, akaenda kukaa upande wa pili wa baba yake, ambako mwili wa Mwandu ulimficha.