Redio Moja, Manyumba Tatu

Juzi mukwe wangu alimucheka bibi yake, ni binti yangu, mbele yangu. Binti alichukua ordinateur, kompyuta ya zamani, akaifanya igawe internet mu nyumba yetu yote, huku mutaa wa Dilala. Mukwe akasema, "Bitu bya jalala." Nilimufukuza ku meza.

Mi nikiwa mutoto, tata, baba yangu, alikuwa fundi mu kambi ya mine, ule mugodi wa kampuni. Aliokota bipaza-sauti bya kufa, akabitengeneza, akavuta waya kutoka redio yetu mpaka kwa majirani wawili. Ile muchana alipowasha redio, harufu ya samaki kavu ilijaa jikoni, na rumba ikatoka mu manyumba tatu mara moja. Mi nilikimbia nyumba kwa nyumba kusikia kama mwimbaji ni yule yule.

Shefu wa kambi akafika na koleo. "Wewe, waya hii uliiba wapi?"

Tata akanyamaza.

Mama akasema, "Shefu, byote bilitoka ku jalala."

"Sikukuuliza wewe, mama." Akakata waya yote mbele ya batoto.

Mi niliwaza mutu mwenye kunyamaza ni mwizi. Leo najua nyumba ilikuwa ya kampuni; jibu moja tu, na tungelala inje. Yule shefu simusamehe mpaka kaburi. Lakini mangaribi ile bukari, ugali wetu, ilipofika ku meza, ni mi nilisema, "Sitakula mu sahani moja na mwizi."

Tata hakunipiga. Alinisukumia sahani yote, akaenda kukaa inje na njaa yake.