Paipu Niliyomtengenezea Mama

Hadi leo nikisikia harufu ya plastiki moto, moyo unarudi Kawangware, kwa ile karakana ya mabati. Wacha watu waseme moshi, mimi niliipenda. Tulimwaga punje za plastiki kwenye mashine, zikayeyuka, zikasukumwa nje zikiwa paipu ya maji, ndefu, nyeusi, ikizamia moja kwa moja kwenye maji baridi ili igande. Kabla ya kumwaga gunia lolote, tulikuwa tunauma punje. Punje ya paipu hubonyea chini ya jino, haikatiki.

Mama yangu alikuwa amepanga chumba mtaa wa Gatwekera, mgongo umemwisha, na bado anapanda mteremko na mtungi wa maji kichwani. Nikamwapia: utachota mlangoni kwako, kwa paipu niliyotengeneza mwenyewe. Mwenye karakana, mzee wa ploti zake palepale Kawangware, akaniahidi roli moja ya paipu.

Zamu ya roli yangu ilipofika, akaleta magunia mengine, ya bei rahisi. Nikauma punje. Kah! Ikakatika vipande.

"Mzee, hii ni ya kutengeneza mabeseni."

"Plastiki ni plastiki. Washa mashine!"

Ai, ilitoka kama uji! Paipu ikalegea, juu nyembamba, chini nene. Nikapunguza moto, nikapunguza mwendo, nikaibembeleza kutwa nzima mpaka ikakaa mviringo. Ikang'aa kuliko zote. Nikaipeleka kwa Mama nikiwa na raha isiyosemeka, tukaiunganisha na bomba la mtaa hadi mlangoni.

Baada ya hapo, kila Jumapili nilikuta pipa limejaa mlangoni. "Maji ya paipu yako, nyathina," Mama ananiambia, mwanangu, na kunijazia kikombe. Nilikunywa kwa maringo.

Siku moja stima zikapotea kazini, nikaenda kumwona bila kumwambia. Nikamkuta katikati ya mteremko, mtungi kichwani, anahema.

"Na wewe, mbona unakuja tu hivyo?" akafoka.

Paipu ilikuwa imepasuka toka wiki ya kwanza. Maji yalipokuja na nguvu, ilichanika tu.

"Mama, si ungeniambia?"

"Nikuambie nini, na vile ulikuwa umefurahi?"

Nikampokea mtungi. Nililia njia yote, naye nyuma yangu akinigombeza nisimwage maji yake.