Uso wa Mke Wangu Kwenye Kanda ya Ubatizo

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mambo ya umeme nayasema nilivyoyaona tu.

Mke wangu alipofariki, picha zake zote zilikuwa zimeliwa na unyevu. Mvua ya hapa Tukuyu inaotesha ukungu hata kwenye viatu vya kanisani. Ikabaki kanda moja ya video, ya ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza, iliyopigwa na jamaa mmoja wa Kiwira. Jamaa yule alikuwa mlaji! Alimaliza sahani mbili za ndizi kabla hajafungua kamera, lakini hayo tuyaache. Kanda nayo ilishaanza kuota ukungu, na mimi, nasema kweli, sura ya mke wangu ilishaanza kunipotea. Sauti ninayo. Uso unakwenda.

Sasa, nina mpangaji, mwalimu wa fizikia, dada kutoka Tabora. Jumamosi moja akaja sebuleni na kibao chenye chipu, kidogo kama kiberiti, kitu cha bei ya mkungu wa ndizi. Akasema hicho ndicho kitahamishia picha kwenye kompyuta. Akakiunga na deki yangu ya zamani ya video kwa waya mmoja wa njano.

"Waya mmoja?" nikamuuliza. "Uso mzima wa mtu unapita humo?"

"Haupiti mzima, babu. Unapita mstari kwa mstari, kutoka juu kushuka chini, kama mnavyochuma chai."

"Na hicho kidude?"

"Kinapima umeme. Ukiwa mdogo ni nyeusi, ukiwa mkubwa ni nyeupe. Kila kipimo kinakuwa namba."

"Kwa hiyo mke wangu atakuwa namba."

"Babu nawe! Namba zikipangwa, sura inarudi."

Nikautazama ule waya. Marehemu hakuwa mwembamba.

Tatizo, kidude kile ni cha polepole. Picha ikipita, kinadaka vitone vichache tu, kwa hiyo lazima picha igandishwe kwenye deki, ipite ileile tena na tena mpaka vitone vitimie. Na deki ikigandisha, inasugua kanda palepale. Kwa ukungu ule, ingeweza kukatika.

"Tukipata mara moja tushukuru," mwalimu akasema. "Chagua, babu. Tugandishe wapi?"

Tukaiangalia. Kila mahali mke wangu amejitanda kitenge, ametazama ukutani.

"Mbona mama anaikimbia kamera?"

"Haikimbii kamera. Anamkimbia baba yangu."

Kwetu Wanyakyusa mwanamke hamtazami baba mkwe wake, wala hapiti mbele yake. Na sisi siku ile, kwa kumheshimu mzee, tulimwekea kiti ubavuni mwa mpiga picha! Hakuna aliyefikiri. Kila kamera ilipomwelekea mke wangu, baba naye alikuwa upande huohuo.

"Basi hakuna uso," mwalimu akasema, akanyoosha mkono kuizima.

"Ngoja kwanza. Baba alikuwa mtu wa ugoro. Lazima atatoka kupiga chafya."

Tukangoja. Kwaya ikaimba, mchungaji akala. Kisha tukasikia kiti kinalia, na fimbo ya baba inagonga sakafu, inakwenda zake. Mke wangu akakishusha kitenge mabegani.

"Hapo! Gandisha!"

Kwenye kompyuta ikaanza kutokea dari. Kisha nywele. Kisha paji la uso. Deki ikaanza kukoroma, na mimi nikaanza kuibembeleza kama ng'ombe anayezaa. Macho. Pua. Mdomo. Kidevu kilipotimia mwalimu akaizima haraka.

Ni yeye. Wa kijivu, ana punjepunje kama uji wa ulezi, lakini ni yeye, na lile shavu lake la kushoto lililojaa kuliko la kulia. Nilikuwa nimelisahau shavu lile kabisa.

"Anaangalia nini huko pembeni?" mwalimu akauliza.

"Mlango. Anachungulia kama mzee anarudi."

Akacheka mpaka akashika meza. "Tutafute pengine, babu, atutazame sisi?"

Nikamwambia aitoe kanda, inatosha. Miaka yote baba alipokuwa hai, ndivyo nilivyokaa na mke wangu, tunaongea huku macho yake yako mlangoni.