Sketi Tele, Blauzi Hakuna

Kosa langu la kijinga nililifanya nikiwa nimekaa, kama ninavyofanya karibu mambo yangu yote. Enzi za Ujamaa, kijiji chetu huko Janga kilikuwa na cherehani chache za kushonea sare za shule. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma sekondari na sipendi kutoka nyumbani, nikapewa kazi ya kupanga nini kishonwe kwanza.

Niliona mafundi wanapoteza muda kubadili uzi. Nikaagiza sketi zote za bluu zitangulie, blauzi nyeupe zifuate. Kitambaa cheupe nikakifungia sandukuni kisichafuke, nikajiona bingwa.

Kazi ilikwenda mbio kweli. Rafu ikajaa sketi. Shule zikakaribia kufunguliwa, na hakuna binti hata mmoja aliyekuwa na sare kamili.

Minong'ono ikaanza. Nguo zilikuwa adimu, na neno ulanguzi lilimtoka mtu kabla hajamaliza salamu. Ikasemwa kitambaa cheupe nimeshakiuza sokoni huko Kwa Mathias, mimi ambaye kufika Kwa Mathias ni mpaka nibembelezwe. Nami sikuwa malaika: nilianza kumtazama fundi mkuu kwa jicho la pembeni, nikilikagua kufuli kila asubuhi. Kumbe naye analikagua kwa kunishuku mimi.

Jirani yangu, mama mmoja asiyependa mzaha, binti yake alikuwa amechaguliwa shule ya bweni na anasafiri kesho yake. Bila blauzi wangemrudisha kutoka getini. Akaja karakana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fungua sanduku."

"Kitambaa kipo, mama, ila utaratibu wetu..."

"Utaratibu wenu nimeuona, umejaa rafuni. Fungua."

Nikafungua. Alikipekua kitambaa mpaka chini, kama anayetafuta mawe niliyojazia. Kilikuwepo chote. Akavuta kigoda, akakaa mlangoni.

"Haya, mshoneeni mwanangu nikiona."

Fundi mkuu akatoa uzi wa bluu, akatia mweupe. Hata chai yangu haikupoa. Huo ndio muda niliokuwa nikiuokoa wiki zote zile.

Blauzi ilikwisha jua likizama. Nikawatangazia mafundi kwamba kuanzia siku ile tunashona sare kamili, na anayewahi kusafiri ndiye anayewahi kushonewa. Walinisikiliza kwa adabu ya kutia shaka.

Mama akaikunja blauzi, akaniangalia kuanzia miguuni.

"Sasa nimeamini hukuiba," akasema. "Kuiba kunataka akili."