Beji Iliyobaki Kwenye Droo

Usiku ule nililala na hasira zangu, na Mwalimu Zuberi akanikuta nazo. Kesho yake ulikuwa mkutano wa hadhara kuhusu kinu cha nyuklia wanachotaka kukijenga nyuma ya kijiji chetu, na mimi nilipangwa kusema kabla ya wageni. Diwani alikuja mwenyewe hadi nyumbani. "Dada Tatu, hawa wataalamu wa kuja watu hawawataki," alisema. "Wewe ni wa kwetu. Umekaa na mionzi miaka yote na bado u mzima. Waoneshe kadi yako tu, kazi imekwisha." Alipokuwa anavaa viatu akaongeza, kama jambo dogo, kwamba jina la binti yangu Rehema limo kwenye orodha ya vijana watakaopelekwa kusomea kazi za kinu. Alipotoka nilifunga mlango kwa hasira. Nilichukua karatasi nikaandika hotuba.

Mimi ni mpiga picha za eksirei katika hospitali ya wilaya. Kadi anayoisema diwani ni rekodi ya beji, kile kidude cha plastiki tunachobandika kifuani ili kipime mionzi inayotufikia. Kila baada ya miezi michache beji zinapelekwa mjini, zinasomwa, na majibu yanaandikwa kwenye kadi. Kadi yangu haina doa. Nimeitia kwenye fremu kabisa, mjinga mimi, ikaning'inia sebuleni karibu na picha ya harusi.

Basi, nikasinzia, na mara nipo kwenye korido ya hospitali. Ni asubuhi. Mwalimu Zuberi amekaa kwenye benchi la wagonjwa, kavaa lile shati lake la kijivu, kalamu mbili mfukoni. Alikufa miaka saba iliyopita. Ndiye aliyenifundisha kazi, tukawa wawili tu katika chumba kile, yeye mkubwa wangu. Nikainama kidogo. "Shikamoo, Mwalimu." Hakuitikia. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekukanyaga na hajui.

Mtu akikataa shikamoo yako akiwa hai, unajua kuna kesi na unatafuta wa kuwapatanisha. Akiikataa akiwa maiti, unaipeleka kwa nani? Nilimfuata tu, kwa sababu alikuwa ameshainuka anakwenda.

Akasimama kwenye mlango wa chumba cha eksirei. Mlango ule ni mzito, una bamba la madini ya risasi ndani yake la kuzuia mionzi, na bawaba zilikuwa zimelegea, haufungi sawasawa. Mwalimu akaingiza kidole kwenye ufa. Kikaingia chote. Akakitoa, akaniangalia, akakiingiza tena, taratibu. Nikaanza kujitetea, eti fundi niliambiwa yuko safarini, eti barua niliandika. Midomo inakwenda, sauti haitoki.

Lakini nilijua anachokisema. Mwaka ule mlango ulipolegea, beji yake ilirudi na usomaji mkubwa. Akaamriwa akae nyumbani miezi miwili, na ikaandikwa kwamba atakuja mkaguzi kuangalia chumba. Nikabaki peke yangu na foleni, watu wenye mifupa iliyovunjika wamelala hadi nje. Nilichoka mpaka nikawa nalia chooni. Aliporudi nikamwambia, "Mwalimu, beji tuziache kwenye droo. Tutazivaa siku za wageni." Wazo ni langu, silisingizii mtu. Akaibandua beji yake, akanipa.

Majibu yaliyofuata yalikuja safi. Mkaguzi akaona hana haja ya kuja, na mlango ukabaki vilevile. Baadaye damu ya Mwalimu ikaanza kuharibika. Madaktari waliuliza habari za mionzi, wakafungua kadi yake, kadi ikawajibu hapana. Sijui kilichomuua. Huenda siyo mlango. Kitu pekee kilichoweza kutuambia ni beji, na beji ilikuwa kwenye droo yangu, na ufunguo ninao mimi.

Sasa anausukuma mlango, na ndani siyo chumba chetu. Ni ukumbi mkubwa wa kinu, sakafu inang'aa, taa nyeupe, mashine zinanguruma chini kwa chini. Hakuna kilichoharibika. Nimekaa kwenye meza yangu ya zamani, droo iko wazi mapajani. Mbele yangu umepangwa mstari wa wafanyakazi waliovaa nguo nyeupe. Kila mmoja anafika, anabandua beji yake, anaitumbukiza. "Tutazivaa siku za wageni," wananiambia, kwa adabu kabisa, kama watu wanaoacha viatu mlangoni. Droo haijai. Nyuma yao kuna ghala la taka za kinu, zile zinazotakiwa kulindwa hadi na wajukuu wa wajukuu zetu, na mlango wake una ufa. Ukutani kuna ubao mkubwa. Umeandikwa: SAFI.

Hapo chuki ikanipanda. Mabwana wale wanakuja na michoro yao, wanatueleza unene wa kuta, mabomba ya akiba, umeme usiokatika. Hakuna hata mmoja aliyetuuliza mlango ukilegea kwetu hukaa miaka mingapi bila kutengenezwa. Labda ipo nchi ambayo unatengenezwa siku hiyohiyo. Waende wakajenge huko.

Kisha akafika Rehema. Mwanangu, kasuka nywele vizuri, anatabasamu. "Mama, nishikie." Akanipa beji yake, ina joto la kifua chake. Nataka kumrudishia. Mkono wangu unaitia kwenye droo wenyewe, kwa mazoea, kisha unaifunga.

Nikamgeukia Mwalimu. "Unataka nini kwangu?" nilimwambia. "Nilikuonea huruma. Na ulikubali mwenyewe."

"Nilikubali," akasema. Ndiyo mara ya kwanza kunifungulia kinywa. "Huyu umemuuliza?"

Akaniinamia, kalamu zake zikagonga meza.

"Waambie ilikuwa wapi."

Nikaamka nimeng'ang'ania ubao wa kitanda. Kulikuwa kumekucha. Nilisikia Rehema anafagia uani. Nikaichukua hotuba nikaisoma: "Miaka yote hii beji yangu haijawahi kuonesha hatari yoyote." Kila neno ni kweli, na sentensi nzima ni uongo. Nilijua mjane wa Mwalimu atakaa mstari wa mbele, kama anavyokaa kila mkutano. Nilijua hospitali itaniita nijieleze, na diwani atalifuta jina la Rehema kabla jua halijazama. Niliogopa, sifichi. Nikaishusha ile kadi ukutani, nikatoka nayo uani.

"Mama, hotuba tayari?" Rehema akauliza.

"Imebaki sentensi moja."

"Ipi?"

Nikamwambia aweke ufagio chini akae, kwa sababu nilitaka yeye awe wa kwanza kuisikia. Nikampa kadi aishike. Alikuwa anaisoma huku anatabasamu nilipomwambia beji ilikuwa wapi.