Kihavu si Kinyarwanda kibovu: Spéciose na herufi tatu za Nkombo

Asubuhi, Busanza, Kigali. Spéciose Mukeshimana anasogeza kiti karibu na kompyuta. Anasoma kwa sauti ujumbe wa kuwakumbusha wajawazito dawa zao, anakunja uso, anafuta neno moja na kuandika jingine.

Mama huyu wa miaka 47 anatafsiri programu za simu kwa Kihavu, lugha aliyozaliwa nayo kisiwani Nkombo, Ziwa Kivu.

"Tulipokwenda shule mjini Kamembe walitucheka," anasema. "Waliona tunaongea Kinyarwanda kibovu. Nikazoea kunyamaza."

Mwaka jana ofisi yake ilipata kazi ya kutafsiri programu ya kliniki. Kila lugha hupewa alama fupi ya herufi, na kwa alama hiyo simu huitambua. Orodha ya lugha pale ofisini haikuwa na Kihavu, basi tafsiri ya Spéciose ikawekwa chini ya rw, alama ya Kinyarwanda.

Wakati wa majaribio alituma ujumbe mmoja kwa mama yake, Vestine, aliye kisiwani. Bibi huyo akapiga simu papo hapo.

"Hii umeandika wewe?" aliuliza kwa Kihavu. "Dawa inanywewa kabla ya kula au baada? Sielewi kitu."

Spéciose akaufungua ujumbe ule kama ulivyotumwa. Kisahihishaji cha maneno kilidhani anakosea Kinyarwanda, kikayageuza maneno yake.

Akamwendea mhandisi wa programu, Keith Bayingana, aliyekulia Karagwe, Tanzania.

"Tukizime tu, mama," Bayingana alisema. "Tatizo litakwisha."

"Haitaisha. Kesho mwingine atakiwasha. Hii haiko Kinyarwanda, Keith. Iko na jina yake."

Wakaketi pamoja kupekua rejista ya kimataifa ya lugha. Walikutana kwanza na shr, alama ya Kishi, lugha ya majirani wa ng'ambo ya ziwa. Bayingana akauliza kama ingefaa. Hata Spéciose akasita, kwa kuwa lugha hizo mbili zinafanana. Akampigia mama yake.

"Sisi Wahavu, mwanangu. Tangu lini ukaanza kuuliza?"

Wakaendelea kutafuta, wakaiona: hav.

"Nililia," anasema Spéciose, akicheka sasa. "Nilidhani hakuna mtu aliyewahi kutuandika popote. Kumbe tuko."

Bayingana alizihamisha sentensi zote upya chini ya hav. "Kazi ilinichosha," anakiri, "lakini mama Spéciose alikuwa sahihi. Ukimweka mtu chini ya jina la mwenzake, umemfuta."

Leo neno Kihavu linaonekana kwenye programu hiyo, na akina mama wa Nkombo wanalichagua. Vestine aliposikia mjukuu wake akimsomea ujumbe mpya, alisema: "Huyo ndiye mtoto wangu anayeongea."

Desemba Spéciose atarudi kisiwani. Kwa baadhi ya mambo ya uzazi bado anaazima maneno ya Kinyarwanda, na hilo linamkera.

"Wakunga wazee wanayo maneno yetu," anasema. "Nitakaa nao jikoni, waniambie moja moja. Halafu nitayaandika yanavyosemwa, na simu itayaacha hivyo hivyo."