Sanamu Iliyobeba Jina Langu

Nilipokuwa mtoto, zilipita mvua za masika na kiangazi chake bila mtu yeyote nyumbani kuruhusiwa kuniita Hamisi. Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Milola, na nyumba zilikuwa zimepangwa mstari, mlango ukitazamana na mlango, kiasi kwamba maradhi ya mtu yalikuwa ya wote kuyatazama.

Homa yangu ilikuja, ikapoa, ikarudi. Tumbo likavimba upande wa bandama, shingo ikakonda. Kaka zangu wawili walikufa wakiwa na umbo hilo hilo. Bibi, mzaa mama, akasema ugonjwa ule sasa unatufuata kwa majina. Ulisikia jina la kaka wa kwanza, ukaja; ukasikia la wa pili, ukaja. Dawa ilikuwa jina langu lichukuliwe na kitu kingine, na mimi niitwe kitu ambacho hata ugonjwa hautainama kukiokota. Nikaitwa Jalala.

Sanamu ya kulibeba jina ilichongwa na Fundi Chilumba, Mmakonde aliyehamia kijijini kwetu, mtani wa Bibi kama walivyo Wamakonde wote kwetu sisi Wamwera.

“Usinichongee shetani, wewe,” Bibi alimwambia.

“Shetani wa nini tena, mtani, na wewe upo?”

Fundi alikaa mbele yangu asubuhi nzima. Alinipapasa mbavu, akapima tumbo langu kwa viganja. Wenzangu walikuwa wamekatazwa kunisogelea, na wakubwa walikuwa wakinitazama kwa kuibia. Yule alinitazama hasa. Sanamu ilipokwisha, mama alifunika uso kwa kanga. Lilikuwepo lile tumbo, na ile shingo.

“Fundi, mbona umemfanya hivi?”

“Nikimchonga mzuri, dada, ugonjwa utamtambuaje?”

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, niliwasikia watu wakijadili msanii aliyechora mwili wake mwenyewe unaougua, wakiuita ujasiri wa kisasa. Nilimkumbuka Fundi Chilumba.

Sanamu iliwekwa barazani, juu ya mkeka. Kila asubuhi mama aliipelekea kibakuli cha uji na kuiinamia: “Hamisi, umeamkaje, baba?” Nami nilikuwa ndani, nyuma ya ukuta wa udongo, nikisikia kila neno. Kisha alikuja kwangu na sauti nyingine, kavu, ya kudanganyia maradhi: “Jalala, kunywa.” Watoto wa jirani walipita wakicheka: “Jalala, toka tukutupie maganda!” Hilo sikulijali sana. Nililoshindwa kulivumilia ni lile “baba”.

Asubuhi moja nilijikokota hadi barazani, nikakaa nyuma ya sanamu. Mama akaja na uji.

“Hamisi, umeamkaje, baba?”

“Salama, mama,” nikaitika.

Kibakuli kilimponyoka. Bibi alitoka, akaniona nilipo, akaketi chini palepale kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. “Amejiitikia mwenyewe,” alisema. “Basi tena.”

Kabla ya adhuhuri homa ilipanda nikaanza kuweweseka. Bibi alitaka nisiguswe wala kutajwa. Mama akanifunga mgongoni kwa kanga, mtoto mkubwa kama mimi, akashika njia ya zahanati. Nakumbuka jasho la shingo yake, na sauti yake njia nzima, kubwa, bila kujali nani anasikia: “Hamisi! Hamisi, niitikie!” Kila nilipokawia alinitikisa na kuita tena. Niliitika mpaka tukafika.

Nilichomwa sindano, nikapona. Bibi alishikilia kwamba ugonjwa ulisikia jina moja likiitikwa pande mbili, ukachanganyikiwa, ukaenda zake. Sikuwahi kumbishia.

Mke wangu, Zuhura, alipolazwa Lindi, jina lake lilianza kupotea. Wauguzi walisema “mgonjwa wa dirishani”. Ndugu walipiga simu kuuliza “mgonjwa anaendeleaje”. Mimi kila asubuhi nilimwinamia nikamwita Zuhura, kwa sauti iliyowafanya wa vitanda vya jirani wageuke. Aliitika kwa mdomo, baadaye kwa macho, baadaye kwa kidole kimoja. Halafu hakuitika.

Sijui kama kuita kunamzuia mtu asiende. Mama aliamini hivyo siku moja tu, akiwa njiani, na siku hiyo ilitosha. Watu hapa mtaani ni wema; wananiita mzee, wananiita mwalimu. Aliyekuwa akiniita Hamisi ni Zuhura peke yake.